Alama za miaka minne au mtihani wa siku nne? Historia ya mlango wa chuo kikuu, Marekani na kwetu Kongo



Majuma machache yaliyopita, baada ya kipindi chetu cha elimu, mama mmoja alinipigia simu kutoka Marekani. Alizaliwa Masisi, akakimbilia Uganda, akakaa kambini miaka mingi, kisha familia yake ikapelekwa kule. Mtoto wake ana miaka 17. Mama aliniuliza jambo moja tu: mtihani wa serikali wa Marekani unafanyika mwezi gani, ili kijana aanze kujitayarisha?

Nilimwambia kwamba kule hakuna mtihani wa namna hiyo. Hakuna Exetat ya Marekani. Chuo kikuu kinaangalia kwanza alama za shule, tangu mwaka wa 9 hadi wa 12. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Lakini mwaka wa 9 mtoto wangu alikuwa kambini, akisomea chini ya hema. Hizo alama ziko wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwahidi kwamba nitatafuta na nitaandika. Haya ndiyo niliyoyapata. Nimeyapanga kama historia, sababu mlango wa chuo kikuu una historia yake, na ukijua nani aliutengeneza na kwa nini, unajua pia pa kugonga.

Zamani: njoo tukuulize wenyewe

Harvard, chuo cha kwanza cha Marekani, kilianza mwaka 1636. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200, Harvard na vyuo vilivyofuata havikujali alama za shule. Kijana alikuja mwenyewe mbele ya walimu wa chuo, wakamuuliza Kilatini na Kigiriki, baadaye na hesabu. Akijibu vizuri, anaingia. Akishindwa, anarudi nyumbani kujifunza tena. Kila chuo kilikuwa na maswali yake, kwa hiyo mwalimu wa sekondari alipata shida: mwanafunzi huyu nimtayarishe kwa maswali ya chuo gani?

Badiliko kubwa lilitokea mwaka 1871 katika jimbo la Michigan. Chuo kikuu cha jimbo hilo kiliamua kutuma maprofesa wake kutembelea shule za sekondari. Walikaa darasani, wakaangalia mafundisho na walimu. Shule ikionekana nzuri, chuo kilikubali kupokea wanafunzi waliomaliza pale, kwa cheti na ushuhuda wa mkuu wa shule, bila kuwapa mtihani mwingine. Desturi hiyo ikaenea katika majimbo mengi ya katikati na ya magharibi.

Tusimame hapo kidogo. Alama ya shule ilipata nguvu siku ile chuo kikuu kilipokubali kumwamini mwalimu wa sekondari. Kabla ya kuamini, kilikwenda kuona kwa macho. Neno hilo la kuaminiana litarudi hadi mwisho wa habari hii.

Vyuo vya mashariki na mtihani wa pamoja

Vyuo vya zamani vya upande wa mashariki havikupenda njia ya Michigan. Vilitaka kuendelea kupima vyenyewe. Lakini fujo ya kila chuo na maswali yake ilichosha watu, kwa hiyo mwaka 1900 viliunda baraza moja la mitihani, College Board. Mtihani wake wa kwanza ulifanyika Juni 1901, na watahiniwa walikuwa 973 tu.

Mwaka 1926, tarehe 23 Juni, baraza hilo lilileta mtihani wa aina nyingine, SAT. Haukuuliza sana mambo ya darasani, ulitaka kupima akili. Aliyeongoza kuutengeneza alikuwa Carl Brigham, profesa wa Princeton. Miaka mitatu mbele yake alikuwa ameandika kitabu kilichodai kwamba akili za mataifa na rangi za watu hazilingani. Mwaka 1930 yeye mwenyewe alikiri kwamba madai yale hayakuwa na msingi. Lakini mtihani ulibaki.

Mwaka 1933 James Bryant Conant akawa mkuu wa Harvard. Alitaka kuwapata vijana wenye akili kutoka mbali, sio tu watoto wa shule za matajiri wa karibu. Kuanzia 1934 SAT ikatumiwa kuchagua watakaopewa msaada wa masomo. Kwa hiyo mtihani ule ule uliotoka mikononi mwa mtu mwenye mawazo mabaya ulifungulia mlango watoto fulani wa mbali. Historia haitembei katika njia iliyonyooka.

Alama nzuri zilipogeuka kuwa shida

Kuna sura moja ya habari hii ambayo sisi watu wa Kivu tutaielewa bila kufafanuliwa, sababu tunajua maana ya kuulizwa: jina lako ni la kabila gani? baba yako alizaliwa wapi?

Baada ya mwaka 1900, watoto wa Wayahudi waliohamia Marekani walisoma kwa bidii na kupata alama za juu. Mwaka 1922, Harvard ilikuwa na zaidi ya Myahudi mmoja katika kila wanafunzi watano. Mkuu wa chuo wa wakati ule, A. Lawrence Lowell, alitaka hesabu yao iwekewe mpaka. Walimu wengi walikataa mpaka ulio wazi. Basi ikatafutwa njia ya pembeni. Fomu za kuomba nafasi zikaanza kuuliza rangi, dini, jina la mama kabla ya kuolewa, mahali baba alipozaliwa, na kama familia imewahi kubadilisha jina. Picha zikatakiwa. Pakaongezwa pia jambo la "tabia", ambalo halina kipimo. Mtoto mwenye alama bora aliweza kukataliwa kwa kuambiwa kwamba tabia yake haifai, na hakuna aliyeweza kubisha.

Ndiyo maana vyuo vikubwa vya Marekani hadi leo havisomi alama peke yake. Vinasoma barua za walimu, insha ya mwombaji, kazi anazofanya nje ya darasa, hali ya nyumbani. Siku hizi maelezo hayo yanaweza kumsaidia mtoto wa mkimbizi kueleza njia aliyopita. Lakini tukumbuke kwamba mwanzoni yaliwekwa ili kufunga mlango.

Majimbo yanaweka hesabu wazi

Vyuo vya serikali vilichukua njia nyingine. Mwaka 1960, jimbo la California lilipitisha mpango mkubwa. Chuo Kikuu cha California kitachukua kutoka kwa mmoja wa juu kati ya kila wanafunzi wanane wanaomaliza sekondari. Vyuo vya daraja la pili vitachukua kutoka kwa mmoja kati ya watatu. Na vyuo vya jamii vya miaka miwili vitapokea kila mtu atakayefaidika na masomo, na anayefanya vizuri pale ataweza kuhamia chuo kikuu. Mtajua mwisho wa makala kwa nini naweka mkazo kwenye hilo la tatu.

Texas ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1996 mahakama ilikuwa imekataza vyuo vya huko kuangalia rangi ya mtu. Mwaka 1997 bunge la jimbo likatoa sheria: mwanafunzi aliye katika 10 wa kwanza kwa kila 100 wa shule yake anapokelewa katika chuo kikuu cha serikali. Angalia maneno haya, "wa shule yake". Halinganishwi na mtoto wa tajiri wa mji mwingine. Analinganishwa na waliokaa naye darasani, chini ya paa lile lile, kwa mwalimu yule yule. Baadaye, mwaka 2009, sheria ilipunguzwa nguvu kwa chuo kikuu cha Austin sababu nafasi zilikuwa zinajazwa karibu zote kwa njia hiyo.

Je, alama za shule zinasema kweli? Mwaka 2007 watafiti wawili wa Berkeley, Saul Geiser na Maria Veronica Santelices, walifuata wanafunzi karibu 80,000 wa Chuo Kikuu cha California. Waliona kwamba alama za sekondari zilionyesha vizuri zaidi kuliko SAT nani atafanya vizuri chuoni, hata mpaka mwaka wa nne. Sababu inaeleweka kwa kila mwalimu: alama ya miaka minne haipimi akili tu, inapima pia nani aliamka kila asubuhi, nani alimaliza kazi, nani hakukata tamaa.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, vituo vya mtihani vilifungwa na vyuo vingi viliacha kudai SAT. Chuo Kikuu cha California kiliachana nayo. Wengine wamerudi: MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, Dartmouth na Harvard wakatangaza hivyo mwaka 2024. Walisema kwamba alama za shule zimepanda kila mahali na ni vigumu kutofautisha, na kwamba mtihani unasaidia kumwona mtoto mwenye akili kutoka shule isiyojulikana. Katikati ya hayo, Juni 2023, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kipimo. Ubishi unaendelea.

Kwetu: mtihani mmoja kwa nchi nzima

Sasa turudi nyumbani. Mbelgiji alichelewesha sana chuo kikuu. Lovanium, karibu na Léopoldville, ilianza mwaka 1954. Chuo cha Élisabethville, leo Lubumbashi, kilifuata mwaka 1956. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi yote hii kubwa.

Baada ya uhuru shule ziliongezeka, za Wakatoliki, za Waprotestanti, za serikali. Cheti cha shule moja hakikuwa na uzito sawa na cha shule nyingine. Mwaka 1967 ndipo ulipowekwa mtihani wa serikali: maswali yale yale kwa nchi nzima, anayefika 50 kwa 100 anapata diploma, na bila diploma hakuna chuo kikuu. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Mtihani ulibaki mlango wa vyote.

Wote tunaujua. Kwanza insha, halafu siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Kisha kungoja. Kwa miaka mingi matokeo yalisubiriwa kwenye redio, shule kwa shule, jina kwa jina, halafu kelele mtaani na poda kwenye vichwa vya waliofaulu. Ile asilimia inabaki na mtu maisha yake yote. Ukiomba kitivo cha udaktari au cha uhandisi, wataiangalia, na mara nyingi utafanya tena mtihani wa kuingilia.

Marekani ilipoona shule hazilingani, Michigan ilituma maprofesa kuzitembelea. Kwetu, serikali ilituma maswali. Chanzo ni kile kile: anayepokea anataka kujua kama anaweza kumwamini anayeleta.

Njia ipi ni ya haki?

Nitatoa ushuhuda wangu. Mwaka wangu wa tano wa sekondari ulikatwakatwa na vita vya 2008. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Biletini yangu ya mwaka ule ni ya aibu. Kwa hesabu ya Marekani, mwaka huo ungenifuata mpaka mlangoni. Lakini mwaka uliofuata nilijifungia na vitabu, nikakaa mtihani, nikapata 58. Mtihani haukuuliza mwaka jana nililala wapi.

Nilikuwa na rafiki, wa kwanza darasani tangu mwaka wa tatu. Siku ya tatu ya mtihani alikuwa na malaria kali, aliandika huku anatetemeka. Hakufaulu. Biletini zake zote nzuri hazikumsaidia kitu. Kwa hesabu ya Marekani angechaguliwa mbele yangu, na ingekuwa haki.

Basi kila njia inamhurumia mtu mmoja na kumwumiza mwingine. Mtihani unasamehe mwaka uliopotea, lakini hausamehi siku mbaya. Alama za miaka zinasamehe siku mbaya, lakini hazisamehi mwaka uliopotea. Na sisi watu wa vita tumepoteza miaka. Ndiyo maana mama yule wa Masisi alinyamaza kwenye simu. Alielewa kabla yangu.

Kwa familia zilizo kule, na zilizo hapa

Nilimpigia tena, nikamwambia mambo haya, nami nayarudia hapa kwa wote.

La kwanza, Marekani ina maelfu ya vyuo. Vile vinavyotajwa sana, kama Harvard, vinakubali wasiofika 5 kwa 100 ya waombaji, lakini vyuo vingi vinakubali zaidi ya nusu ya wanaoomba. Mtoto asiambiwe kwamba njia imefungwa sababu ya majina matatu makubwa.

La pili, kila alama inahesabiwa mapema. Kule A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0, na wastani wake wanauita GPA. Maombi mengi hutumwa katikati ya mwaka wa 12, kwa hiyo zinazosomwa zaidi ni alama za miaka mitatu ya kwanza. Mtoto wa Kikongo anazoea kusema: nitakaza mwaka wa mwisho, kama kwa Exetat. Kule atakuwa amechelewa. Pia wanaangalia ugumu wa masomo aliyochagua, sio wastani peke yake.

La tatu, miaka ya kambini ielezwe. Shule nyingi za sekondari kule huwa na mshauri wa wanafunzi, na fomu za vyuo vingi zina mahali pa kueleza masomo yaliyokatika. Kueleza kwamba vita vilifunga shule si kuomba huruma. Ni kumpa msomaji ufunguo wa kusoma zile alama. Alama zilizoanza chini na kupanda kila mwaka zina ushuhuda wake.

La nne, chuo cha jamii. Kinapokea karibu kila aliyemaliza sekondari, ada yake ni ndogo, na baada ya miaka miwili ya kusoma vizuri mtu anaweza kuomba kuhamia chuo kikuu. Hapo wataangalia hasa alama za chuo hicho. Mwaka uliopotea mwishowe unasamehewa.

Na kwenu mlio hapa, katika makambi, makanisani na kwa jamaa: chungeni biletini. Najua vita vikifika, mtu anabeba mtoto na sufuria. Lakini karatasi ile ni nyepesi. Iwekeni kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura. Mwenye simu apige picha, amtumie ndugu aliye mji mwingine. Hakuna anayejua mtoto huyu atagonga mlango wa wapi kesho, Goma, Kampala au mbali zaidi. Na yule ambaye shule yake imefungwa kabisa asikate tamaa: sheria ya mtihani wetu inakubali pia anayejifundisha mwenyewe, tunayemwita otodidakte, akifaulu jaribio la kwanza. Aulize kwa ofisi ya elimu iliyo karibu.

Kwa mama wa Masisi, mambo yalikwenda hivi. Alitafuta katika mizigo na akakuta biletini moja tu, ya shule ya kambini, imechanika pembeni, lakini muhuri unasomeka. Kijana aliipeleka kwa mshauri wa shule yake. Mshauri aliitazama muda mrefu, halafu akaomba nakala aiweke kwenye faili. Kama itamsaidia, bado hatujui. Kijana yuko mwaka wa 11, na mama ananiambia siku hizi taa ya chumba chake inazimika usiku sana.

Ni mimi mwandishi wenu. Mwenye swali la shule alete, tutalitafutia jibu pamoja hewani.